Mtoto anachora grafu ila hajui kachora nini

Yani kinachoniuma kwenye hesabu za watoto wa miaka 12 hadi 14 ni hiki, mtoto anakuchorea grafu ya y = 3x + 5 safi kabisa, rula imenyooka, afu ukimuuliza pointi ya (2, 11) inakwambia nini anakutolea macho tu.

Mimi naanzaga na tanki la maji kabla hata ya kutaja fomula. Tanki lina lita 5, bomba linafunguliwa, kila dakika zinaingia lita 3. Dakika ya 0 kuna lita ngapi? 5. Dakika ya 1? 8, afu 11, afu 14, wanajaza jedwali wenyewe mpaka mmoja anasema inaongezeka tatu tatu, na hiyo tatu tatu ndo mteremko wenyewe, ile 5 ya mwanzo ndo pale mstari unapokata mhimili wa y. Ukija kuandika y = 3x + 5 ubaoni, x ikiwa dakika na y ikiwa lita, wanakuwa washaijua.

Afu msikimbilie kuunganisha pointi jamani. Uliza kwanza, dakika moja na nusu je? Lita 9.5, na pointi yake inaangukia palepale kwenye mstari. Sa jaribu (2, 12): ukiweka 2 kwenye mlinganyo inatoka 11, hivo hiyo pointi haina nafasi pale. Hapo ndo mtoto anaona kumbe mstari ni majibu yote ya mlinganyo yamejipanga, na kwangu hili linatangulia mbinu zote za kukariri.

Skeli nayo tuiangalie, yani kila kiboksi cha mhimili kinabeba kiasi gani. Wengi wanahamisha namba za jedwali kwenye mhimili vilevile zilivyofuatana, kila namba kiboksi kimoja, na ukifanya hivo hata y = x² inatoka imenyooka!

Wakishazoea leta tanki la pili, lina lita 20 na linavuja lita 2 kila dakika, y = 20 − 2x. Waache wabishane kwanza matanki yatalingana dakika ya ngapi, kisha wachore kwenye grafu ileile, mstari mmoja unapanda mwingine unashuka, inakutana dakika ya 3 kwenye lita 14. Baada ya hapo ndo uwape 3x + 5 = 20 − 2x waifanye kwa kalamu, 5x = 15, x = 3, na wenyewe watarudi kuangalia grafu bila kuambiwa.