Safu ya "Zamani"

Jana kijana aliyeshika nafasi yangu alinipigia. "Kaka, shikamoo. Hili jedwali la mabadiliko limejaa mno, nilifute?" Nikamwambia asiliguse: ndilo linaloandika nani alibadilisha nini, na nakumbuka kwa nini nililiunda.

Kadi ya mwanachama ilisema mkopo 540,000. Fomu ya Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, ikasema 450,000. Watu watatu walikuwa wakiitumia fomu ile, na hifadhidata hutunza thamani ya mwisho tu, kwa hiyo hatukujua nani aliibadilisha. Mama mhasibu alikaa kimya mbele ya kioo.

Wikiendi hiyo nikaunda jedwali la safu saba: saa, mtumiaji, fomu, namba ya rekodi, kisanduku, zamani, mpya. Kila kisanduku cha kufuatiliwa nilikiandikia "Fuatilia" kwenye Tag, sehemu ya kukiwekea alama, kisha msimbo ukavipitia kimoja kimoja ndani ya BeforeUpdate ya fomu, yaani kabla rekodi haijahifadhiwa. Ukisubiri AfterUpdate umechelewa: rekodi imeshahifadhiwa, OldValue, yaani thamani ya zamani, imeshakuwa sawa na mpya.

Jumapili usiku nikajaribu. Nilipobadilisha kiasi, mstari ukaingia. Nikaenda kwenye kisanduku cha mdhamini kilichokuwa kitupu, nikaandika jina, nikahifadhi, nikafungua jedwali. Hakuna kitu. Nikarudia. Hakuna. Nikafuta jina lile: hakuna, wala ujumbe wa kosa. Nilikaa na mstari mmoja (ctl ni kisanduku), If ctl.OldValue <> ctl.Value, hadi nilipochapisha jibu lake lenyewe: Null, yaani utupu. Utupu ukilinganishwa na chochote haujibu ndiyo wala hapana, na If huuchukulia kama hapana. Yaani mtu angeweza kumfuta mdhamini wa mkopo bila kuacha alama, na hilo lilinitisha kuliko ile 450,000. Dawa yake ni fupi, Nz, inayogeuza utupu kuwa maandishi yasiyo na herufi:

If Nz(ctl.OldValue, "") <> Nz(ctl.Value, "") Then

Fomu ndogo iliyo ndani ya fomu kuu nayo ilisumbua, kwa sababu Screen.ActiveForm, inayotaja fomu inayotumika, hurudisha fomu kuu. Nikapitisha Me badala yake, yaani fomu yenyewe yenye msimbo. Jina la mtumiaji nililichukua kwa Environ("USERNAME"), kumbe wote watatu waliingia Windows kwa akaunti moja. Ikabidi kila mmoja apewe yake. Na anayefungua jedwali moja kwa moja hupita nje ya fomu. Huyo hunaswa na makro za data, amri zinazokaa kwenye jedwali lenyewe, zilizokuja na Access 2010.

Jumatatu mama mhasibu aliuliza, "Sasa yule wa kwanza tumemjua?"

Hapana, mama. Kumbukumbu zinaanzia jana.

Akaitazama safu ya "zamani" kwa muda, kisha akaomba nimwoneshe namna ya kuichapisha.