Hoja ya wachokoaji pweza: nilivyoifikisha kwenye mkutano wa kijiji

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa mkoani Tanga, na kazi zangu nyingi ni mirathi na mipaka ya mashamba. Suala la mwamba aliniletea bibi mmoja anayechokoa pweza tangu usichana wake. "Mwanangu, wametufungia mwamba miezi mitatu. Tule mchanga?"

Kufunga kwenyewe, yaani kuzuia uvuvi mwambani kwa muda ili pweza wakue, nakuunga mkono, na nilimwambia hivyo. Pweza hukua upesi, na jike hutaga mara moja tu maishani kisha hufa, kwa hiyo mwamba ukipumzika wote wanavuna pweza wakubwa. Kilichoniuma ni namna uamuzi ulivyopita. Wenye ngalawa wangehamia kina kirefu. Wanawake huenda kwa miguu maji yakikupwa, kijiti mkononi, na hawana pengine. Siku ya kikao hakuna aliyewaita.

Nikarudi kwenye nyaraka. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni mwaka 1976. Ibara ya 2 inataka haki hizo zitimizwe hatua kwa hatua kadiri ya rasilimali zilizopo, na wengi huichukua kauli hiyo kama ruhusa ya kungoja. Sivyo. Mwaka 1990 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo, katika Maoni ya Jumla namba 3, yaani ufafanuzi wake wa mkataba, ilisema kuna kiwango cha chini kisichongoja, chakula cha lazima kikiwamo, na kwamba hatua yoyote ya makusudi inayorudisha haki nyuma lazima itolewe sababu kamili. Azimio la Rio la 1992 kuhusu mazingira na maendeleo, kanuni ya 10, linataka wananchi wanaoguswa washirikishwe katika mambo ya mazingira. Kwa hiyo maendeleo endelevu hayaiachii serikali ichague kati ya pweza na sufuria ya bibi. Yanaibebesha vyote viwili. Hilo ndilo nililoandika, ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi.

Mkutano wa kwanza nilisoma ibara zote mwenyewe, watu wakaanza kuondoka. Wa pili nilikaa kimya, akasimama bibi. Alihesabu kwa vidole: maji ya bamvua, yanayojaa na kukupwa sana, huja mara mbili kwa mwezi, basi miezi mitatu ni mara sita, na kila mara ni siku chache tu za kazi. "Hizo sita ndizo unga, mafuta ya taa na daftari za wajukuu." Hapo hata wenye ngalawa walitikisa kichwa kukubali.

Sehemu iliyo karibu na ufuo ikaachwa wazi kwa waendao kwa miguu, na wanawake wawili wakaingia kwenye kamati ya kijiji inayosimamia mwamba. Kipato cha miezi ya kufunga hakijapatikana. Kikundi chao kimejaza fomu ya mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Nakala ninayo, na wiki ijayo naenda nao kuulizia.