Siku Pendo alipofuata kikombe chake

Suruali za Pendo zilikuwa zinatoboka makalioni. Magotini nzima, pindoni nzima, makalioni tundu. Kila nikipata nafasi nilikuwa sokoni Sabasaba nachambua mitumba ya watoto natafuta jinzi, maana kitambaa laini hakikumaliza wiki. Mtoto wangu hakuwahi kutambaa. Alikaa kitako, mguu mmoja kaukunja, mwingine kaunyoosha mbele, akajivuta kwa kisigino. Kwa mwendo huo alizunguka nyumba yote pale Ilazo, akavuka kizingiti, akashuka uani kwenye vumbi jekundu la Dodoma, na nilipomwinua alikuwa ameacha mfereji nyuma yake.

Alizaliwa Aprili 2018, mwaka mmoja baada ya sisi kuhama Dar es Salaam kuifuata ofisi. Agosti ya mwaka uliofuata alikuwa na miezi kumi na sita na hajapiga hatua hata moja. Kusimama alisimama, akishika kochi au mguu wa baba yake. Ukimwachisha mkono anakaa. Haanguki wala halii. Anakaa tu, taratibu, na kukutazama kana kwamba wewe ndiye mwenye tatizo.

Basi ushauri ukaanza. Jirani yangu, ambaye mwanawe alitembea na miezi tisa (nililijua hilo vizuri, alikuwa halisahau kunikumbusha), alisema nimnunulie kigari. Mama yangu kwa simu kutoka Tanga alisema mafuta ya nazi, ya moto kidogo, magoti na vifundo vya miguu, kila magharibi. Wifi yangu alipomwona Pendo ameinama anachungulia katikati ya miguu yake akapiga makofi: "Huyu hatembei kwa sababu anaita mdogo wake!" Hilo nililiacha lipite. Mama mkwe, kule Hombolo, yeye alikuwa na dawa moja na hakuibadilisha: kishimo. Unachimba kishimo cha kumfika mtoto kiunoni, unamsimamisha humo jioni baada ya jioni, miguu inakaza. Watoto wake wote sita walipita humo, na baba Pendo akiwemo.

Kliniki nesi aliifungua kadi, akaona uzito uko kwenye kijani, akamsimamisha Pendo kwenye meza, akampa kifuniko cha kalamu mkono wa kulia, halafu wa kushoto. Akaniambia watoto wanaojivuta kwa makalio mara nyingi huchelewa kutembea, na kama anasimama akishika, anatumia pande zote mbili za mwili na anaelewa anachoambiwa, tusubiri mpaka miezi kumi na minane. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 lilitoa matokeo ya watoto waliofuatiliwa Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani: kutembea bila kushikwa kulianzia miezi minane kukaenda hadi karibu kumi na minane, na wote hao ni wazima. Asilimia 4 hivi hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa. Nilimsomea mume wangu. Akasema nimsomee jirani.

Lakini katika mazungumzo yote yale ya miguu, hakuna aliyekuwa anamzungumzia Pendo mwenyewe. Pendo alikuwa mtu wa kutazama. Tangu mdogo kabisa hakujaribujaribu mambo. Wiki nyingi alitutazama tunakula ugali. Ukimmegea anafunga mdomo. Halafu jioni moja akanyoosha mkono kwenye sahani ya baba yake, akamega, akafinyanga tonge bovubovu lakini lenye kishimo cha dole gumba, akachovya kwenye mlenda, akala. Akaendelea kula. Na maneno vivyo hivyo: watoto wengine walikuwa wanabwabwaja kutwa, yeye kimya, kisha siku tuliyokuwa kwa bibi yake kuku alipomsogelea akasema, "Toka!" Sauti ilikuwa ya bibi yake kabisa, na kuku alitoka.

Sasa hiyo Agosti tulikwenda Hombolo kwa mavuno. Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na vuno la Agosti na Septemba ndilo mume wangu analolipenda, kwa sababu mvua hakuna na magonjwa ya ukungu hayamsumbui kama kwenye vuno la masika. Alikuwa na eneo lake pembeni ya shamba la baba yake, na siku hiyo mnunuzi alikuwa anakuja na lori. Tulifika asubuhi, upepo unapuliza na baridi ile ya Dodoma ambayo watu wa Pwani hatuiamini mpaka itukute.

"Mbukwenyi!" baba mkwe akatupokea kwa salamu ya Kigogo akiwa amekaa kwenye kigoda chake nje ya tembe la zamani, ambalo hataki libomolewe ingawa nyumba ya bati iko hapohapo. Akampokea Pendo mikononi. "Mchumba wangu kaja. Bado hutaki kuja kwa miguu yako?"

"Mwache mke mwenza wangu," mama mkwe akajibu kutoka jikoni. "Leo jioni anaingia shimoni. Nimeshachimba."

Kweli alikuwa amechimba, karibu na simtangi, nadhifu, udongo umewekwa pembeni. Nilisema, "Sawa mama," kwa ile sauti ya mkwe ambayo haikubali wala haikatai.

Mchana tulikata. Wanawake na mikasi, wanaume na makreti. Zabibu nyekundu za Makutupora zilikuwa zimeiva mpaka zinanata vidoleni, na nyuki walikuwepo. Pendo aliwekwa kwenye mkeka chini ya mti, karibu na kigoda cha babu yake. Mama mkwe hakukubali apewe zabibu nzima. Alisema humkaba mtoto, na hapo hatukubishana. Aliziosha, maana salfa, dawa inayopuliziwa mizabibu, hubaki kwenye ganda, akazipasua kwa urefu moja moja, akatoa mbegu, akazitia kwenye kikombe cha plastiki chekundu ambacho Pendo alitoka nacho nyumbani na ambacho hakukiachia hata akilala. Kazi ya nusu saa kwa kikombe kimoja. Pendo alikula kipande kimoja kimoja, anakitazama kwanza.

Mnunuzi alifika saa tisa. Wanaolima watanielewa: hapo watu wote hugeuka. Jamaa alichuma zabibu chache huku na huku, akazikamua, akadondosha tone kwenye kioo cha kile kidude chao cha kupimia sukari, akakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia. Sukari ikiwa ndogo, bei inashuka au mzigo unabaki. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni, hapumui. Wifi, mama mkwe, vijana wa kubeba makreti, wote shingo upande ule. Mimi nilikuwa naangalia mkeka, kwa sababu nilikuwa na wasiwasi na nyuki.

Baraka, mtoto wa wifi, miaka mitatu na ushei, alipita mbio, akakichukua kile kikombe chekundu na vipande vyake, akaenda nacho mpaka kwenye lori. Mbali kiasi. Akasimama, akaanza kula.

Pendo hakulia. Alimtazama Baraka. Akautazama mkono wake mtupu. Kisha akaweka viganja chini, akainua makalio, akasimama katikati ya mkeka bila kushika kitu. Na kabla hajaenda popote akajipiga makalioni, mara mbili, pa, pa, kukung'uta vumbi, vilevile anavyofanya bibi yake kila akiinuka kwenye mkeka kabla ya kukaza kanga. Ndipo akatembea. Alitembea moja kwa moja, miguu imeachana, tumbo mbele, bila kuyumba sana. Alipofika akakishika kikombe. Baraka alishangaa hata akakiachia. Pendo akageuka, akarudi njia ileile, akakaa palepale alipokuwa, akachungulia kikombeni kuona kilichobaki.

Mimi nilishindwa kutoa sauti. Niligeuka nikakutana macho na baba mkwe.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, baba."

"Kajikung'uta."

"Kajikung'uta."

Mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka fimbo ikamwanguka. Upande wa pili nao walikuwa wanashangilia, nikadhani wameona, kumbe sukari imefika. Nilikimbia kumwambia mume wangu kwamba mtoto katembea, akasema "ehee, vizuri," halafu akasema, "Katembea nani?"

Hawakuamini. Yaani hakuna aliyeamini. Mimi mama, tena mwenye hamu. Na shahidi wangu ni mzee ambaye kila mgeni husimuliwa jinsi alivyomfukuza simba kwa kandambili. Baraka alipoulizwa alisema hajui, kwa sababu kujua kungemfikisha kwenye kesi ya zabibu. Basi Pendo akawekwa katikati, watu wakakaa duara, njoo kwa baba, njoo kwa shangazi, wifi akatikisa funguo, mume wangu akatoa simu awashe katuni. Pendo aliwatazama wote, mmoja mmoja. Kisha akakunja mguu mmoja, akanyoosha wa pili, akajivuta kwa makalio hadi kwa babu yake.

"Shahidi mmoja anamtosha Mungu," mzee akasema. "Nyinyi wawili hawawatoshi. Mwacheni mchumba wangu. Huyu hatembei bure."

Mama mkwe hakusema kitu. Jua lilipopungua alimbeba mjukuu wake hadi kwenye simtangi, akamshusha kishimoni taratibu, akarudisha udongo kidogo kuzunguka miguu. Nilisimama pembeni. Pendo alitulia, kikombe mkononi, anautazama udongo, anamtazama bibi. Bibi akachuchumaa mbele yake akaanza kumwimbia kwa Kigogo, akipiga makofi pole pole. Ubeti wa kwanza ukaisha salama.

"Toka," Pendo akasema.

Wimbo ulikatika. Mume wangu aligeukia ukuta ili mama yake asimwone anacheka. Mama mkwe alimtazama mtoto muda mrefu, mkono umeshika kidevu, kisha akamchomoa, akamkung'uta udongo, akamweka ubavuni. "Mke mwenza ana mdomo huyu," akaniambia, na nilisikia kabisa kwamba alikuwa anajivuna. Suala la shimo halikurudi tena; nadhani kesho yake kuku walilala humo.

Baada ya hapo, siku kadhaa, hakuna kitu. Tulirudi mjini, suruali zikaendelea kutoboka, nami nikaanza kujiuliza kama kweli niliona. Hata nilimpigia baba mkwe simu, nikajidai namjulia hali. "Alijikung'uta," akaniambia kabla sijamaliza salamu.

Halafu jioni moja narudi kutoka kazini, msichana wetu wa nyumbani akanipokea mlangoni na mkoba.

"Mama Pendo, leo katembea. Kutoka hapa mpaka getini."

"Ulimwita?"

"Sikumwita. Geti lilikuwa linajipigiza na upepo, akatazamaaa, naona kachoka nalo. Kaenda kulifunga."