Wikio la Mkomani

Nyumba ya bibi yangu mzaa mama iko Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa Lamu, na ilijengwa kwa ajili ya mwanamke. Ndivyo walivyofanya wenye uwezo wa Amu, yaani Lamu. Binti akikaribia kuolewa, baba humjengea nyumba, au humgawia ghorofa ya juu ya nyumba yake, na mume ndiye anayehamia. Babu yake bibi alijaliwa binti wawili. Akawajengea nyumba mbili zinazotazamana, katikati kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo hawapishani. Kisha akatandika boriti juu ya njia, kutoka ukuta hadi ukuta, akajenga chumba. Hilo ndilo wikio. Ndugu wale walitembeleana humo bila kushuka chini wala kujitanda buibui.

Hayo tuliyasikia kwa bibi tangu utotoni. Tulichokiona kwa macho ni kingine: wikio lilikuwa na mlango mmoja tu, nao ulifunguka nyumba ya ng'ambo. Upande wetu palikuwa na ukuta mtupu, uliopigwa plasta ya saruji miaka ya sabini, na juu yake pametundikwa kalenda.

Mwaka 1998, baada ya Idi, wajomba zangu wawili walikuja kutoka Mombasa. Walikuwa watoto wa kaka yake bibi, na walikuja na habari ya mnunuzi. Wakati huo wageni kutoka Ulaya walikuwa wameshaanza kununua nyumba za mawe, kijiji jirani cha Shela na hata Mkomani. Hoja ya wajomba ilikuwa nyepesi: mama yake bibi alipofariki aliacha mtoto wa kiume na wa kike, na kwa mirathi mwanamume ana mafungu mawili, mwanamke moja. Bibi naye alishikilia kwamba mama yake alimpa nyumba ile siku ya harusi yake, mbele ya watu. Watu wenyewe walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Kaka yake hakuwahi kumdai maisha yake yote. Waliodai ni wanawe.

Mnunuzi alikuja kuiona. Alipita dakani, kibaraza cha mlangoni, akavuka kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, akaingia misana miwili, ile ya chini na ya juu, vyumba virefu vyembamba kwa sababu upana wa chumba hufuata urefu wa boriti la mkoko. Akasimama mbele ya ndani, chumba cha nyuma kabisa, akitazama zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilizojaa ukuta wa mwisho, safu juu ya safu, kila kimoja kimezungushiwa nakshi ya chokaa. Akataka kuingia kuzigusa. Bibi akasema hapana, pale ndipo alipozalia watoto wake wote. Chooni alionyeshwa birika la maji na samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, akafurahi sana. Lakini alichokitaka hasa ni wikio, kwa upepo wake. Bila wikio hanunui.

Nyumba ya ng'ambo wakasema wikio ni lao, na mlango ushahidi. Wajomba wakatoa hati ya nyumba kutoka kwenye kasha, karatasi moja kuukuu ya Kiarabu, wakamwita maalim aisome. Ilitaja mipaka minne kama hati zote za zamani: huku nyumba ya fulani, huku kiwanja cha fulani, huku njia. Kilicho juu ya njia haikukitaja.

Kilichotatua jambo ni mvua. Mvua za El Niño zilikuwa zimenyesha tangu mwishoni mwa 1997, na kuta zetu zilivimba. Ukuta wa mawe ya matumbawe ukipakwa chokaa hunywa maji na kuyatoa. Ukipakwa saruji, maji huingia kwa juu yakakosa pa kutokea, na chokaa ya ndani ikageuka unga. Nimeona nyumba nzuri za Mkomani zikibomoka kwa saruji iliyowekwa kwa nia njema kabisa. Mama akamwita fundi aibandue yote kabla dari halijatuangukia.

Nilikuwa nikimbebea fundi kifusi. Alipofika ukuta wa kalenda akagonga kwa nyundo, akasimama, akagonga tena pembeni. Sauti hazikufanana. Akaanza kubandua polepole kwa patasi. Kwanza ikatokea boriti iliyochongwa pembe nne, imelala juu ya usawa wa kichwa. Kisha chini yake mstari ulionyooka kushuka hadi sakafuni, na mwingine mkabala nao. Baina ya mistari ile mawe yalikuwa madogo madogo, yamepangwa ovyo na kushikizwa kwa udongo. Kwenye mwimo wa kushoto ilibaki nakshi, upana wa kiganja, umbo la waridi lililokatwa kwa kisu chokaa ikiwa mbichi.

Bibi aliletwa akashikwa mkono. Akaipapasa nakshi ile.

"Huo ni mwango wa mamangu," akasema. "Mwiteni mwenzangu aye atizame."

Bibi wa ng'ambo akaja kwa njia ya chini, na buibui lake, akapanda ngazi akihema. Alitazama kwa muda, kisha akamtuma mwanawe kwao apime mlango wa upande wa pili kwa uzi. Uzi ule ulioana na mlango wetu, na waridi lilikuwa lile lile, mkono wa fundi mmoja. Yeye mwenyewe ndiye aliyeeleza. Utumwa ulipokomeshwa 1907, mashamba ya bara yalikosa watu wa kuyalima, na familia nyingi za nyumba za mawe zikafilisika. Uzuri wa nyumba hizi ulilipiwa na jasho la watu wasiolipwa, na sisi wa Mkomani hulisema hilo kwa sauti ndogo mno. Mama yake bibi huyo wa ng'ambo alipangisha nyumba yake kwa wanaume wageni. Mlango wa wikio ukazibwa kwa ajili ya sitara.

Ukuta haukuthibitisha kwamba bibi alipewa nyumba. Mjomba mkubwa alilisema hilo pale pale, na alisema kweli. Lakini mjomba mdogo alijibu kwamba mtu aliyekumbuka sawasawa mlango wa miaka yote ile hawezi kuambiwa amesahau harusi yake mwenyewe, akaliachia fungu lake. Mnunuzi aliposikia wikio ni la nyumba mbili akaondoka zake. Mjomba mkubwa alilipwa fungu lake kidogo kidogo. Mama na dada zake waliuza dhahabu zao.

Hati mpya ina majina ya wanawake watupu. Bibi alimtaka maalim aongeze mstari: wikio ni la nyumba zote mbili, nusu kwa nusu, na hakuna atakayeliuza bila mwenzake. Mwezi uliofuata mlango ukazibuliwa. Saruji ya vyumba vya chini haijatoka yote hadi leo. Kila mwaka tunabandua ukuta mmoja, fedha zikipatikana, na kuurudishia chokaa.