Siku Baba Alipobadilisha Bunduki ya Marisau

Nguruwe pori walikuwa wametumaliza pale Kigumba. Wanashuka usiku, asubuhi unakuta muhogo umefukuliwa shamba zima. Baba, askari mstaafu, alikuwa na bunduki ya marisau ya mitutu miwili, yenye cheti chake, lakini marisau hutawanyika mno kwa nguruwe aliye ukingoni mwa shamba. Tukaenda duka la silaha Kampala.

Muuzaji alituwekea mezani bunduki ya Winchester 1894 ya risasi za .30-30, kuukuu, ile ya kukoki kwa wenzo wa chini. "Afande, hii ndiyo aliyokuja nayo Roosevelt, yule rais wa zamani wa Marekani, hapa Uganda mwaka 1909."

Baba akatikisa kichwa. Ya Roosevelt ilikuwa Winchester ya muundo wa 1895, alisema, na risasi zake hukaa ndani ya kasha chini ya chemba, pale risasi inapofyatuliwa. Hii huzipanga kwenye bomba refu chini ya mtutu.

Kisha akaanza kuikagua, na hapo nilimpenda Baba sana. Alihakikisha kwanza haina risasi. Akaushusha wenzo taratibu, akachungulia kile chuma kinachoinua risasi kwenda chemba: kipande kizima kilichochongwa, si bati kama la zile zilizoanza kutoka kiwandani mwaka 1964. Uso ukamchangamka. Akatia karatasi nyeupe kwenye chemba, akanipa tochi, nikaona mifereji ya kiwandani ikizunguka ndani ya mtutu, safi kabisa. Ila vichwa vya skrubu vilikuwa vimeliwa na bisibisi, na Baba akabania hapohapo. Muuzaji alitaka tuongeze fedha. Mwishowe wakakubaliana bunduki kwa bunduki.

Kwa furaha akatuongezea boksi la risasi lililoachwa na mwenye bunduki wa awali. Baba akachomoa moja. Ncha kali.

"Mwanangu, hizi usimpe mtu mwenye bunduki hii," alimwambia muuzaji.

Akazilaza mbili mezani kama zinavyokaa ndani ya bomba: ncha ya ile ya nyuma inagusa fataki, kile kiwashio cha baruti, ya ile ya mbele. Ukifyatua, mshtuko wake unaweza kuilipua nyingine mle mle bombani, juu ya kiganja kilichoishikilia. Bomba linataka risasi za kichwa bapa.

Muuzaji hakubisha. Alilirudisha boksi, akaleta la vichwa bapa pamoja na fimbo ya kusafishia mtutu. Vyeti vilipokwisha kubadilishwa polisi, tukarudi kuichukua.