Siku moja maishani mwangu: mwongozaji wa wageni kwenye matumbawe

Saa 11 alfajiri niko macho. Watu wakisikia kazi yangu ni kuwapeleka wageni kuona samaki, husema nalipwa kuogelea. Laiti wangejua.

Saa 12 mpaka saa 2 ni kukagua jaketi za kuokolea, kusafisha miwani na mirija ya kupumulia, kusoma upepo.

Saa 2:30 tunafunga mashua kwenye boya. Nanga hatutupi, kwa sababu ikiburutwa mara moja tu huvunja kilichojengwa kwa miaka. Kabla mtu hajaingia majini namweleza: tumbawe ni mnyama. Ni maelfu ya wanyama wadogo walioshikana, kila mmoja na kinywa na minyiri yake, na ndani ya mwili wao huishi mwani unaowatengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Maji yakizidi joto mwani hutoka, tumbawe likapauka, na joto likidumu hufa.

Saa 3 maji yamekupwa, na hapo ndipo penye kazi. Leo alikuwepo bwana mmoja ambaye miwani yake ilikuwa ikivuja, basi kila mara anasimama juu ya tumbawe kuirekebisha. "Bwana, tafadhali, inua miguu!" Akanijibu: "Si jiwe tu hili?" Tumbawe lenyewe ni lile la mviringo, linafika kifuani mwangu. Aina hiyo hukua kama sentimita 1 kwa mwaka. Lilianza kabla babu yangu hajazaliwa! Nikamweleza tena, na tena. Akasema amelipa. Kisha akaonekana kasa, akamfukuza ili apate picha. Kasa anavuta hewa kama sisi. Akizuiwa kupanda juu anateseka. Ikabidi nijiweke katikati, napiga mapezi kinyume cha mkondo, huku wenzake watano wakielea wananisubiri na mmoja ameanza kutetemeka kwa baridi.

Mwishowe nikamshikisha boya, nikamwambia alale kifudifudi, asitikisike. Akatulia. Kwanza huwa ni sauti: kru, kru, samaki aina ya pono wakikwangua mwani kwa midomo yao migumu. Chokaa ya tumbawe wanayoimeza pamoja na mwani huo huisaga na kuitoa ikiwa mchanga. Chini yao chewa alikuwa ameachama, na samaki mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni anaingia kinywani mwake, anamwondolea vimelea, anatoka salama. Nimeyaona haya miaka yote na bado hunisimamisha.

Yule bwana aliniuliza jina la pono. Tulipopanda mashua akalalamika kwamba nilimfokea mbele ya watu wake. Nilimwomba radhi kwa sauti yangu. Kwa kumzuia, sikuomba.

Kundi la mchana lilikuwa la wasikivu, lakini saa nimezisahau; mabega yalikuwa yamekwisha. Nakumbuka kiti cha pweza mmoja, yule mnyama wa umbo la nyota, mwenye miiba, ametoa tumbo lake nje kulifunika tumbawe na kulimeng'enya, nyuma yake kumebaki doa jeupe. Mmoja si tatizo. Wakiwa wengi humaliza mwamba mzima, kwa hiyo niliandika mahali nilipomwona.

Jioni ni kuosha chumvi kwenye miwani yote. Sikio la kulia bado lina maji. Kesho maji yatakupwa kama dakika 50 baadaye kuliko leo, nitapata usingizi kidogo zaidi.