Mti wa ukoo wa fisi: Dinocrocuta kapata pa kukaa

Ubao niliouchora mti wa ukoo wa fisi umeshatundikwa sebuleni. Hapa Dodoma ukimtaja fisi mazungumzo yanakimbilia kwa wachawi, basi wageni wangu sasa watazame ukoo wenyewe.

Wanne waliopo hawakunisumbua: madoa, miraba, kahawia na fisi mdogo mla mchwa. Wote upande wa paka, jirani na nguchiro. Kahawia nimemwachia jenasi yake, Parahyaena. Wanaomrudisha Hyaena, jenasi ya miraba, tutabishana siku nyingine. Kwa waliotoweka, Ictitherium mwenye umbo la bweha, Pachycrocuta mkubwa, Chasmaporthetes aliyefika hadi Amerika Kaskazini, hao nao walipachikwa bila shida.

Kasheshe ni Dinocrocuta gigantea, naye mnyama aliyetoweka. Meno ya kuvunjia mifupa anayo, fuvu ukilitazama unasema fisi huyu. Lakini mwaka 1983 watafiti Chen na Schmidt-Kittler walichunguza meno ya utoto ya nduguye, Percrocuta, wakaona asili yake ni nyingine. Kufanana kumeletwa na kazi ya kutafuna mifupa. Ndiyo maana wengi wanawapa familia yao, Percrocutidae. Haya, nikachora tawi la pembeni. Rangi haijakauka, nakutana na uchambuzi wa mafuvu ya China: sehemu ya chini ya fuvu inamrudisha Hyaenidae, familia ya fisi! Futa, piga msasa, chora, futa tena, mpaka plaiwudi ikaanza kuchanika. Mimi naegemea fuvu. Meno, hata ya utoto, hufuata chakula. Ila si kwa kiasi cha kupigilia msumari.

Dawa imekuwa sumaku ya spika mbovu. Nimebandika bati la debe nyuma ya eneo lile, Dinocrocuta anahama bila tone la rangi. Raha iliyoje!

Programu za kuchora miti sizitaki tena: unaongeza jina moja, matawi yote yanajipanga upya. Maka peni nazo jua la hapa linazifuta. Rangi ya mafuta tu.

Nilichopanga kuongeza baadaye ni fisi wa visukuku vya Laetoli, lakini nimesoma utafiti wa 2021 uliotumia wanyama waliogongwa barabarani. Unaunga mkono kumgawa fisi mdogo kuwa spishi mbili, ya kusini na ya mashariki. Wetu basi angeitwa Proteles septentrionalis. Laetoli isubiri, tawi la Proteles nimeshaligawa kwa penseli. Aliyewahi kumpiga picha fisi mdogo maeneo ya Kondoa au Manyoni anitumie, nataka kumchora kwa michirizi yake halisi.